Mchambuzi wetu leo kasoma kura za waandishi kama msimamo wa ligi, na studio nzima ikaitikia!

Mlinzi wa Rimu:
Wakuu, jina sitaji. Mnamjua. Yule wa tai nyekundu na tableti, ambaye hata ukimuuliza saa anakupa asilimia. Leo asubuhi kapewa dakika kumi aongelee kikapu cha vyuo vya Marekani, na ndani ya dakika kumi kafanya uharibifu ambao wajukuu zetu watakuja kuulipia.

Kafungua orodha ya AP, ile ya shirika la habari la Associated Press inayopanga timu bora 25. Kateremsha kidole hadi safu ya pointi. Halafu, kwa sauti ya mtu anayesoma wosia, akatamka: "Timu ikishafungua pengo la pointi 30, haifikiki tena."

HAIFIKIKI! Pointi! Za AP!

Zile ni kura, jamani. Wapo waandishi na watangazaji 60 hivi, kila mmoja anapanga timu 25 kwa kichwa chake. Anayewekwa wa kwanza anapata 25, wa pili 24, mpaka wa ishirini na tano anayeambulia 1. Wote 60 wakikuweka juu una 1,500. Sasa kama hizo ni pointi za ushindi, tatu tatu kama mpira wa miguu, ina maana umeshinda mechi 500 kati ya Novemba na Machi. Vijana wa miaka 19. Wenye mitihani.

Na hilo pengo la 30 ni hivi: watu 45 wamekuweka wewe wa kwanza na mwenzako wa pili, 15 wamegeuza. Kati ya wale 45, wakibadili mawazo watu 15 tu Jumapili usiku, mmelingana. Mpira haujadunda hata mara moja.

Haifikiki! Na mtangazaji pembeni anaitikia "ehee, ehee" kama yuko kwenye hadithi.

Hakuishia hapo. Eti ndiyo maana Duke ndio mabingwa halali wa 2025, walimaliza msimu kileleni, Florida walibahatisha wiki tatu za mashindano ya taifa ya mtoano. Sina la kuongeza. Haifikiki. Nimeshindwa hata kunywa chai.

Kobe wa Kigogo:
Povu lote hili kwa timu ambayo haijui kama upo? Kunywa maji mkuu.

Dada wa Pivoti:
Nimecheka mechi 500 😂😂 Lakini mleta uzi naye kaacha utamu wenyewe. Mwaka 2025 "namba moja" walikuwa watatu. Kura za AP kabla ya mashindano, Duke. Kamati ya uteuzi, inayochagua na kupanga timu za mashindano hayo, ikawapa Auburn nafasi ya kwanza kwa jumla, hao hao waliokuwa wametoka kupoteza mechi tatu kati ya nne. Kombe wakabeba Florida, 65-63 dhidi ya Houston. Huyo mwenye tai alikuwa na watatu wa kuchagua, akaenda kuchagua safu ya pointi.

Mlinzi wa Rimu:
@Dada wa Pivoti Asante! Na kamati haipangi kwa kura za AP. Orodha ile ya mwisho kabla ya mashindano inatoka Jumatatu, wakati ratiba ya timu 68 ilishatangazwa Jumapili. Haiwezi kusaidia mtu kitu. Lakini haifikiki!

Kobe wa Kigogo:
Tumeelewa haifikiki. Endelea na chai.

Mhasibu Mstaafu:
Mimi namtetea kidogo. Hesabu kachapia, sawa. Ila hoja ya kwamba aliyekuwa bora miezi mitano asifutwe na usiku mmoja mbaya ina uzito. Mnamkumbuka Virginia 2018? Ushindi 31, kupoteza 2, namba moja kila mahali. Akaja UMBC, aliyepangwa wa 16, yaani daraja la chini kabisa kwenye mashindano. Mapumziko 21-21, mwisho 74-54. Hivi kweli UMBC walikuwa bora kuliko Virginia?

Nyundo ya Pasi:
@Mhasibu Mstaafu Usiku ule walikuwa bora kwa pointi 20. Kama unataka bingwa wa msimu mrefu, yupo: bingwa wa konfarensi (kundi la vyuo vinavyocheza ligi yao wenyewe), anayepatikana kwa mechi za kushinda na kupoteza. Kwa hiyo msimamo upo kabisa, huyo mtu wenu kausoma ukurasa mwingine. Na ukitaka kujua namba moja ya AP bila mashindano ina uzito gani, tazama 2020. Machi 12 mashindano yakafutwa kwa korona. Kansas ndio walikuwa juu kwenye orodha ya mwisho. Bingwa wa taifa mwaka huo? Hakuna. Nafasi iko wazi mpaka leo.

Mhasibu Mstaafu:
Hapo umenibana. Lakini kamati nayo isisifiwe.

Mtani wa Takwimu:
Kamati ndiyo balaa lenyewe! Fungueni uzi wa NET, ile orodha ya kompyuta ambayo kamati inapimia timu, huu wa tai ni wa kitoto. Kumfunga wa 30 kwenye orodha hiyo nyumbani kwako ni ushindi wa daraja la kwanza. Kumfunga wa 31 hapo hapo nyumbani, daraja la pili. Uwanja wa kati, usio wa timu yoyote, mstari uko 50, ugenini uko 75. Na nafasi zinahesabiwa upya kila siku, kwa hiyo ushindi wako wa Novemba unaweza kushuka daraja Februari kwa sababu yule uliyemfunga kaanza kufungwa na kila mtu. Wewe umekaa zako hosteli. Hiyo ndiyo dhuluma ya kufungulia uzi.

Dada wa Pivoti:
Ila ugenini ni kugumu, lazima kuwe na bei yake. Tatizo ni wakubwa kukataa kwenda kucheza kwa wadogo. Timu ya konfarensi ndogo hao daraja la kwanza itawapata wapi?

Mlinzi wa Rimu:
Wakuu, turudi kwenye mada. Pointi 30.

Kobe wa Kigogo:
Mada imeshafikika 😂

Mzee wa Ribaundi:
Mnabishania namba moja ya Duke na mtoto wetu mmemsahau. Februari 2009, UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) ya Hasheem Thabeet ni namba moja nchini, wako Hartford nyumbani. Pittsburgh namba nne wanaingia, wanashinda 76-68. DeJuan Blair, futi 6 na inchi 7, pointi 22 na ribaundi 23, na ile picha ya kumbeba Thabeet begani na kumpindua. Mtanzania wa futi 7 na inchi 3! Namba moja ilimsaidia nini pale?

Nyundo ya Pasi:
Mzee, ile si nguvu tu, ni kitako. Mtu mfupi anamwingia mrefu chini ya kiuno kabla mpira haujagusa rimu. Mrefu akisimama wima magoti yamenyooka, mkono wake ukanaswa kwapani, anaondoka kama gunia. Thabeet alikuwa anategemea kuruka. Bloku zaidi ya 4 kila mechi, lakini kuziba njia ya ribaundi ni kazi ya miguu.

Mzee wa Ribaundi:
Usimshushe. Mwaka huo huo alichaguliwa mchezaji bora wa konfarensi yao ya Big East, kwa pamoja na huyo huyo Blair, na NBA wakamchukua wa pili.

Mtani wa Takwimu:
Na 2009 namba moja ya mwisho ya AP walikuwa Louisville. Kombe wakabeba North Carolina. Nasema tu.

Kampala Hoops:
Sasa mbona Khaman Maluach wa kwetu, yule mrefu wa Duke, hamumsemi? Kakulia Kampala huyu. Nusu fainali na Houston 2025, Duke wanaongoza kwa 14 zikiwa zimebaki dakika nane na kitu, wakafa 70-67. Yeye futi 7 na inchi 2, ribaundi sifuri. SIFURI. Uzi wa Blair kumbeba Thabeet ufungwe, huo wa sifuri ufunguliwe.

Dada wa Pivoti:
Houston walikuwa wanamsukumia mtu kila shuti likiruka. Kocha naye hakumtuma mtu kumsaidia kuziba.

Mlinzi wa Rimu:
Hivi kuna mtu bado yuko kwenye mada?

Kijana wa Benchi:
Wakuu samahani, kwa kuwa mmetaja warefu. Viatu vya kikapu namba 48 watu wanapata wapi? Kariakoo wengi wanaishia 45.

Nyundo ya Pasi:
Mtumba, siku belo inafunguliwa, alfajiri. Kabla ya kulipa kunja kiatu sehemu ya vidole, halafu bonyeza soli kwenye kisigino. Gundi ikilia kama biskuti, acha. Hicho kinaachia soli wiki ya kwanza, na ukiwa na kilo 100 kinaachia ukiwa hewani.

Kobe wa Kigogo:
Namba 48 kuna jamaa Ilala alikuwa nazo pea mbili, nyeupe. Njoo PM.