Naomba ushauri: nyumba ya urithi Ujiji, tununue sasa au tusubiri mvua?

Ndugu zangu, salaam. Mimi na mume wangu tumepanga Mwanga, mjini Kigoma, kwa miaka sita, na sasa dalali ametuonyesha nyumba ya vyumba vitatu huko Ujiji, si mbali na ziwa, kwa bei ambayo akiba yetu ya biashara ya dagaa inaitosha.

Tangu Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, nimejifunza kwamba mtaa wa wavuvi hubadilika sana mapato yanapokatika: vyumba hubaki wazi na wenye nyumba hupunguza bei. Nahofia kununua kwa pupa kwa sababu ya unafuu wa msimu.

Kuta zimepakwa rangi mpya, lakini nyuma ya mlango wa jikoni niliona alama ya tope iliyokauka, usawa wa goti. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, nami sijapima umbali huo.

Wauzaji ni ndugu wanne, na wawili tu ndio wanaojitokeza. Je, nidai kwanza barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi, au sahihi za warithi wote mbele ya mwenyekiti wa mtaa zinatosha? Na waliojenga huko, maji hufika wapi mvua zikikolea?