Madaktari watatu, majina matatu: majina ya magonjwa ya akili yabaki au yafutwe?

MLETA MADA

Wadau, naomba tujadili hili bila matusi na bila kuhubiriana.

Mwaka wa tisa huu natibiwa akili. Daktari wa kwanza aliniandikia sonona. Wa pili akasema hapana, shida yako ni wasiwasi uliopitiliza, sonona imefuata nyuma tu. Wa tatu alinisikiliza muda mrefu, akaniuliza kama nimewahi kukaa siku kadhaa karibu bila usingizi na nisichoke. Nikasema ndiyo, imewahi kutokea. Akaandika bipola, ugonjwa wa hisia kupanda juu sana kisha kushuka. Mtu ni yuleyule, usiku ni uleule wa kuhesabu saa. Kilichobadilika ni neno kwenye faili, na kila neno lilikuja na vidonge vyake na namna yake ya watu kunitazama.

Ndipo nikaanza kusoma. Kumbe kwa mengi ya magonjwa haya hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo ya kuthibitisha. Kuna orodha. Kubwa ni mbili: ICD ya Shirika la Afya Duniani, ambayo toleo lake la 11 lilianza kutumika rasmi Januari 2022, na DSM ya chama cha madaktari wa akili cha Marekani, iliyotoka mara ya kwanza 1952 na sasa iko toleo la tano. Watu wanakaa mezani, wanakubaliana kipi ni ugonjwa, na wakikaa tena wanabadilisha. Mwaka 1973 chama hicho kiliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha, na mwaka uliofuata wanachama wakapiga kura: asilimia 58 wakaunga mkono kuondolewa. Sifungui mjadala wa jambo hilo lenyewe, tafadhali. Hoja yangu ni kwamba malaria haijawahi kupigiwa kura.

Msimamo wangu: majina yafutwe. Daktari aandike dalili (halali, anasikia sauti, hana hamu ya kitu, anaogopa watu) atibu hizo, basi. Karibuni.

MCHANGIAJI WA 1

Naunga mkono kwa mikono miwili. Ukishapewa jina, hata ukikasirika kwa haki yako utasikia "leo hajameza dawa huyo."

MCHANGIAJI WA 2

Mleta mada, pole kwa safari ndefu. Mimi ni muuguzi wa wodi ya akili, na naomba kutofautiana nawe.

Chukua mtu mmoja anayesikia sauti. Anaweza kuwa na skizofrenia, ugonjwa wa kusikia na kuamini yasiyokuwepo. Anaweza kuwa amefiwa na anasikia mwenziwe akimwita jioni, jambo linalowatokea watu wazima wa akili zao. Anaweza kuwa mzee ambaye akili imevurugika ghafla kwa sababu ya maambukizi ya mkojo. Anaweza kuwa mnywaji wa miaka mingi aliyeacha pombe juzi, na huyo asipotibiwa haraka anaweza kufa mikononi mwangu. Dalili ni hiyo hiyo moja. Nikiandika "anasikia sauti" nikaishia hapo, yule wa pombe nimempoteza.

Na wewe mwenyewe ni mfano. Mtu wa bipola akija siku za huzuni, anafanana kabisa na mtu wa sonona. Ukimpa dawa za sonona peke yake, baadhi yao hupanda juu: hawalali, wanatumia pesa zote, wanaanzisha miradi saba usiku mmoja. Lile swali la daktari wako wa tatu halikutoka kwenye dalili uliyoingia nayo siku ile. Lilitoka kwenye jina alilokuwa nalo kichwani.

Halafu kuhusu kipimo. Zamani hospitali za akili zilijaa watu waliojiona wafalme na matajiri, baadaye wakaanza kupooza, kisha wakafa. Mwaka 1822 daktari Mfaransa, Bayle, akawatenga na wengine: hawa ni kundi moja, ugonjwa wao ni mmoja. Hakujua sababu. Mwaka 1913 watafiti wawili, Noguchi na Moore, wakavikuta vijidudu vya kaswende ndani ya ubongo wa wagonjwa wa kundi hilo. Leo ni habari ya penisilini. Miaka 91 jina lilikaa likisubiri sababu yake. Bila lile jina wangechungulia ubongo wa nani?

MCHANGIAJI WA 3

Muuguzi, hoja nzuri, ila umechagua mfano ulioshinda. Yale majina yaliyosubiri miaka mia na hayakukuta kitu, mbona huyataji?

Mimi ni mtu wa hesabu, nileteeni kalamu. Sonona kwenye DSM ina dalili tisa. Unatakiwa uwe na angalau tano kwa wiki mbili, na mojawapo lazima iwe huzuni au kupoteza hamu. Michanganyiko inayokubalika ni 227. Ukipanga vizuri utapata watu wawili, wote wameandikiwa sonona, wanaofanana dalili moja tu. Mmoja halali, hali chakula, amekonda. Mwingine analala mchana kutwa, anakula bila kipimo. Jina moja! Na huo ni mdogo. Ugonjwa wa kiwewe, ule unaofuata tukio la kutisha, kwa vigezo vya DSM toleo la tano la 2013, michanganyiko yake ilihesabiwa ikafika 636,120.

Tena kabla ya toleo hilo la 2013 walifanya majaribio: mgonjwa mmoja anaonwa na madaktari wawili, kila mmoja kwa wakati wake, tuone kama watasema kitu kimoja. Sifuri maana yake ni sawa na kurusha shilingi, moja maana yake wamekubaliana kabisa. Kiwewe kilipata 0.67, si haba. Skizofrenia 0.46. Sonona, ugonjwa ambao kila mtu anadhani anaujua, ilipata 0.28. Wasiwasi wa jumla 0.20.

Kwa hiyo mleta mada, madaktari wako hawakuwa wazembe. Walikuwa wastani.

MCHANGIAJI WA 4

Kuna watu walijifanya wanasikia sauti wakalazwa, wakaanza kuishi kawaida kabisa na bado madaktari hawakuwagundua. Jaribio la Rosenhan, mwanasaikolojia wa Marekani, 1973. Kesi imekwisha.

MCHANGIAJI WA 2

Hiyo mtaitumia mpaka lini? Mwaka 2019 mwandishi mmoja, Susannah Cahalan, alifuatilia kumbukumbu za Rosenhan akakuta mapengo makubwa, hadi akatilia shaka kama baadhi ya wale wagonjwa bandia walikuwepo kweli. Na hata ingekuwa safi, ukija kwangu ukasema tumbo linakukata huku unadanganya, nikakulaza, hiyo haithibitishi kwamba hakuna magonjwa ya tumbo.

MCHANGIAJI WA 5

Mleta mada anasema malaria haijapigiwa kura. Sawa, lakini shinikizo la damu je? Kwa miaka mingi mpaka ulikuwa 140 juu ya 90. Mwaka 2017 wataalamu wa moyo wa Marekani walikaa mezani (meza kama hiyo hiyo unayoilalamikia) wakaushusha hadi 130 juu ya 80, na mamilioni waliolala wazima wakaamka wagonjwa. Hakuna anayesema presha ni uzushi wa kamati. Mpaka umechorwa na watu, kiharusi hakijachorwa na mtu.

MCHANGIAJI WA 3

Hapo umenisaidia bila kujua. Presha ina namba, iko juu, iko katikati, iko chini. Ndicho ninachokitaka kwa akili: tuache masanduku ya "unao, huna", tupime kiasi. Huzuni kiasi gani, wasiwasi kiasi gani, kujitenga kiasi gani. Wapo watafiti wanaokwenda njia hiyo. Na mwaka 2013, wiki chache kabla DSM-5 haijatoka, Thomas Insel, aliyekuwa mkuu wa taasisi ya taifa ya utafiti wa afya ya akili ya Marekani, aliandika hadharani kwamba udhaifu wa mwongozo ule ni kukosa uhalali wa kisayansi: majina yake yamejengwa juu ya makubaliano kuhusu makundi ya dalili, hayajajengwa juu ya kipimo chochote cha maabara. Huyo si mtu wa vijiweni.

MCHANGIAJI WA 6

Mimi sina hesabu zenu. Nina mtoto.

Mwanangu aliitwa mtukutu, mkaidi, asiyelelewa. Akipiga kelele kwa sababu ya taa au mshono wa soksi, ndugu walinitazama mimi. Akiwa na miaka saba tulipewa neno usonji. Usiku ule nilisoma hadi alfajiri, nikaelewa soksi. Ni siku ile niliyoacha kumchapa.

Kwa hiyo mkisema majina yafutwe, naelewa mnachosema, lakini nauliza: huyu kaka wa namba angenipa nini? "Usikivu wa mwanga 7 kati ya 10"? Shule ingenisikiliza kwa hiyo? Nilipopeleka neno, mwalimu alilijua, akanionyesha wazazi wengine wenye watoto wa namna hiyo. Kwa alama hizo ningewatafutaje?

MCHANGIAJI WA 3

Dada, hapo sina jibu. Nakubali kwamba neno linafungua mlango ambao namba haifungui. Ila jua kwamba hata neno lako limehamishwa hamishwa: Asperger, hali inayofanana na usonji, lilikuwa jina kamili kwenye DSM kuanzia 1994, likafutwa 2013 na waliokuwa nalo wakaingizwa kwenye usonji. Kuna watu wazima walilia, walishajenga maisha na urafiki ndani ya lile jina.

MCHANGIAJI WA 6

Najua. Mpwa wangu ni mmoja wao. Bado analitumia, nani amkataze.

MCHANGIAJI WA 7

Mnasahau nani anaandika orodha. Mwaka 1851 daktari wa Marekani, Samuel Cartwright, alitangaza ugonjwa aliouita drapetomania: mtumwa anayetoroka kwa bwana wake, basi ni mgonjwa wa akili. Nani alikuwa mgonjwa pale? Jina la ugonjwa likishikwa na mwenye nguvu ni pingu.

MCHANGIAJI WA 2

Kweli tupu, sina la kupinga. Nitaongeza tu kwamba siku hizi lugha nyingine zimeanza kuingia. Washona wa Zimbabwe wana neno kufungisisa, kuwaza mno, na DSM-5 imeliweka kwenye orodha ya namna jamii mbalimbali zinavyoeleza mateso ya moyo. Limewekwa mwisho wa kitabu kama kiambatisho, na hilo nalo linasema jambo.

MCHANGIAJI WA 8

Nimekuwa nasoma kimya. Mimi ni mjane.

Mwezi wa kumi tangu nimzike mume wangu, mtu mmoja akaniambia nina ugonjwa wa maombolezo ya muda mrefu. Nikaenda kuangalia. Kwa ICD-11, ukifikisha miezi sita unaweza kuandikiwa. Kwa DSM, iliyouingiza ugonjwa huu mwaka 2022, mtu mzima anasubiri hadi miezi kumi na miwili. Kwa hiyo wakati ule nilikuwa mgonjwa Geneva na mzima Washington. Nilicheka peke yangu jikoni, kicheko cha kwanza tangu msiba.

Swali langu kwa muuguzi, bila ugomvi: nani amepima mapenzi yangu akajua yanapaswa kuisha lini?

MCHANGIAJI WA 2

Pole sana mama. Hakuna aliyeyapima, na mapenzi hayamo kwenye vigezo.

Aliyekuambia kwa miezi peke yake alisoma mstari mmoja. Muda ni sharti moja tu. Lazima hamu ya marehemu au kumuwaza iwe nzito, karibu kila siku, maisha yashindwe kwenda, na yote yazidi yale ambayo jamii yako na dini yako inayaona ni ya kawaida. Mtu anayelia kila Ijumaa lakini anapika, anaamka, anaongea na wanawe, simwandikii kitu hata ipite miaka kumi. Ninayemuwaza ni yule ambaye mwaka wa tatu hajafungua mlango wa chumba, ameacha kula, anasema anataka kumfuata. Huyo kuna tiba ya mazungumzo iliyotengenezwa kwa ajili yake hasa, na tofauti na ya sonona. Bila jina angepewa vidonge vya sonona akarudishwa kwenye kile chumba.

MCHANGIAJI WA 8

Mimi ni wa Ijumaa. Asante.

MCHANGIAJI WA 1

Muuguzi, ungekuwa wewe uliyeandika faili yangu nisingekuwa upande wa kufuta. Tatizo faili huwa linaandikwa kwa dakika kumi na mtu ambaye hajainua macho.

MLETA MADA

Nimerudi baada ya siku nne, samahani. Nilikuwa na miadi.

Nilimuuliza daktari wa tatu maswali mawili niliyoyapata humu: umeona nini hata ukaandika bipola, na kitu gani kingekufanya ulifute? Nilidhani atachukia. Aligeuza kompyuta nikaona. Kilichomuongoza ni zile siku nilizomtajia, za kutolala. Akanieleza kwamba bipola ya aina ya pili inataka kipindi cha kupanda kidogo kisichopungua siku nne mfululizo, na watu wa karibu wawe wameona kwamba umebadilika. Zikiwa tatu, kwa orodha yao, jina halisimami. Nikamwambia hilo nalo ni la mezani, nne zimetoka wapi? Akasema ndiyo, ni la mezani, na yeye binafsi mtu wa siku tatu hamwachi hivi hivi, anamfuatilia.

Kwa hiyo msimamo wa "yafutwe" nimeulegeza. Sasa nasema kila jina liandikwe pamoja na ushahidi wake na tarehe ya kuliangalia upya, na mgonjwa asomewe. Mtu wa hesabu najua utasema haitoshi.

Tatizo langu sasa ni dogo na la ajabu. Mimi nakumbuka siku tatu. Nimempigia dada yangu niliyekuwa naishi naye wakati ule. Anasema zilikuwa sita, na kwamba siku ya tano nilipaka rangi ukuta wa sebule saa nane za usiku huku naimba. Ukuta naukumbuka. Kuimba sikumbuki.

Amekubali kuja nami Jumatatu.

MCHANGIAJI WA 2

Nendeni wote. Na dawa usiache kabla ya hapo.