Kaliba ya bunduki nyepesi ya bolti kwa wanyama waharibifu wadogo: .22 Hornet, .222, .223 au .22-250?

Mlengaji wa Lang'ata

Wakuu, salaam. Naomba mwongozo wenu kabla sijawasilisha ombi langu, kwa sababu cheti cha silaha chini ya Sura ya 114, yaani Sheria ya Silaha, hutaja bunduki yenyewe pamoja na kiasi cha risasi ambacho mwenye cheti anaruhusiwa kununua na kukaa nacho, na kaliba, yaani aina ya risasi ambayo bunduki imetengenezewa, ikishaandikwa humo, kubadili nia ni kuanza upya safari ya makaratasi.

Ninatafuta bunduki ya bolti, yaani inayokokiwa kwa mkono kila risasi, isiyozidi kilo 3 kabla ya kufungwa darubini. Kazi yake ya kawaida itakuwa shabaha hapa Nairobi, kuanzia mita 100 hadi 300. Kazi ya pili ni ya msimu: binamu yangu anafuga kondoo kusini mwa Namibia, mbweha wanamaliza wanakondoo wake, na huko mwenye shamba anaruhusiwa kuwaondoa. Hapa kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na mnyama akisumbua mifugo, anayeitwa ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Kwa hiyo tusipeleke mjadala huko.

Nimebaki na kaliba nne zilizotajwa kwenye kichwa. Ninavutiwa na .22-250 kwa kasi yake, lakini ningependa kusikia kwa walio na uzoefu.

Mzee wa Ngong

Kijana wangu, karibu. Mimi nitaitetea .222 Remington, kwa sababu naona vijana wanaipita kana kwamba haipo. Ilitolewa mwaka 1950, kazi ya Mike Walker wa Remington, na haikuwa ganda la baruti la zamani lililobanwa shingo, bali ilibuniwa upya kuanzia kitako chake. Risasi ya grein 50, yaani gramu 3.2, hutoka kwa karibu mita 960 kwa sekunde. Kwa zaidi ya miaka 20 ndiyo iliyotawala mashindano ya Marekani ya kulenga kutoka mezani, ambako mshindi hupatikana kwa kupima jinsi matundu yalivyokaribiana kwenye karatasi, hadi zilipokuja kaliba za PPC katika miaka ya 1970.

Shingo yake ndefu hushika risasi vizuri, msukumo wake begani ni mdogo mno, na katika bunduki nyepesi hiyo si anasa. Ukifyatua, jicho linabaki ndani ya darubini na unaona risasi imegonga wapi. Kwa mbweha aliye mita 200, .222 haikosi chochote ambacho .223 inacho. Yeyote atakayekuambia kwamba tofauti ya mita 30 kwa sekunde ni kubwa, mwombe akuonyeshe tofauti hiyo kwenye karatasi.

Fundi Mtutu

Nakubaliana na Mzee kuhusu utulivu wa .222, ila naomba tuanze na bunduki kabla ya risasi, kwa kuwa ndugu yetu ametaja uzito.

Mtambo wa bolti hutengenezwa kulingana na urefu na unene wa ganda. Hornet, .222 na .223 zinaingia katika mitambo midogo kabisa, kama ule wa bunduki ya CZ 527 au ule mdogo wa Howa, na hapo ndipo uzito unapopungua kwa njia halali. Ganda la .22-250 ni nene zaidi, linatokana na .250-3000 Savage ya mwaka 1915, na linahitaji mtambo wa ukubwa wa kaliba ya .308. Ukitaka .22-250 iwe nyepesi, mtengenezaji hana pa kupunguza ila kwenye mtutu, na huo ndio mahali pabaya zaidi pa kupunguza.

Angalia kinachopita humo ndani. Chaji ya kawaida ya .223 ni takribani gramu 1.6 za baruti. Ya .22-250 ni takribani gramu 2.3, na zote mbili zinapita kwenye tundu la kipenyo kilekile cha milimita 5.7. Joto hilo la ziada hula koo la mtutu, yaani pale mifereji inayoizungusha risasi inapoanzia, mbele ya chemba, chumba ambamo risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa. Mtutu mwembamba ukifyatuliwa mfululizo hushika moto mapema, na ukishashika moto mara nyingi huanza kupeleka risasi kando kidogo kidogo. Mwenye mtutu mnene atapiga kumi bila wasiwasi. Wewe mwenye mtutu kama penseli utapiga tatu, kisha uiache wazi bolti na usubiri hadi uweze kuushika mtutu kwa kiganja bila kuuachia. Uwanjani hilo linachosha sana, na ndiyo sababu singeweka .22-250 katika bunduki ya kilo 2.8.

Halafu kuna msokoto wa mifereji. Mtutu wa zamani wa .222 kwa kawaida huzungusha risasi mara moja katika inchi 14, wa .22-250 mara moja katika inchi 14 au 12, na Hornet mara moja katika inchi 16. Hizo zinatosha risasi fupi. Lakini ndugu anataka mita 300 za karatasi, na huko risasi ndefu ya grein 69, ambayo ni gramu 4.5, hukata upepo vizuri zaidi. Risasi hiyo haitulii katika msokoto wa 14, itaingia kwenye karatasi kwa ubavu. Bunduki nyingi mpya za .223 zina msokoto wa 9 au 8. Kwangu mimi, hapo ndipo .222 inaposhindwa, wala si kwenye kasi.

Bi Shabaha

Naongeza habari ya upepo, kwa sababu ndio unaowatoa wengi machozi.

Kwa upepo wa kilomita 16 kwa saa unaovuma kutoka ubavuni, risasi ya kawaida ya .223 yenye grein 55 husogezwa takribani sentimita 15 inapofika yadi 200, yaani mita 183 hivi. Ile ya .22-250 husogezwa kidogo kuliko hapo. Hornet, kwa sababu inatoka polepole, karibu mita 820 kwa sekunde, na risasi yake ni butu, husogezwa zaidi ya mara mbili ya .223. Hornet ni kaliba ya kupendeza na sauti yake ni ya upole, lakini mipaka yake ni mita 150 hivi. Anayetaka 300 asiitie katika orodha.

Kuhusu kuanguka kwa risasi, bunduki ikiwa imelengwa sawasawa kwa yadi 200, .223 itakuwa imeshuka sentimita 19 au 20 kwenye yadi 300, na .22-250 sentimita 14 au 15. Tofauti ya sentimita 5, Mlengaji, na mibofyo michache ya kitufe cha darubini inaimaliza. Upepo hauna kitufe cha namna hiyo, kwa sababu hubadilika kati ya risasi moja na nyingine, na kuusoma kunataka mazoezi mengi. Mazoezi yanataka risasi ambazo mfuko unazimudu na mtutu usiochoka haraka.

Jambo jingine la hapa kwetu. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takribani asilimia 15, kwa hiyo majedwali yaliyoandikwa kwa usawa wa bahari yataonyesha kuanguka na kusogezwa kwingi kuliko utakakokuona. Kusini mwa Namibia maeneo mengi yako karibu na mita 1,000. Kwenye mita 100 hutaona kitu, lakini kwa 300 itakupasa uhakikishe upya kabla ya kumlenga mnyama yeyote. Mbweha aliyejeruhiwa akakimbilia shimoni ni dhambi ya mlengaji.

Kijana wa Kasarani

Samahani kwa kuingilia. Je, .204 Ruger na .17 HMR zimeachwa kwa sababu gani? Na .243?

Bi Shabaha

Hukuingilia, mwanangu. .17 HMR ya mwaka 2002 hutoa risasi ya grein 17, gramu 1.1 tu, na upepo huichezea kama ulivyoichezea Hornet, kwa hiyo ni ya sungura na mita 100. .204 Ruger ya mwaka 2004 ni nzuri kweli: grein 32 kwa karibu mita 1,290 kwa sekunde, na msukumo mdogo. Lakini tafuta kwanza muuzaji mwenye risasi zake hapa jijini, kisha turudi tuzungumze. .243 Winchester ni .308 iliyobanwa shingo, inafaa swala, na katika bunduki ya kilo 2.8 itakutoa jicho kwenye darubini kila unapofyatua.

Msafiri wa Keetmanshoop

Nimefanya kazi miaka kadhaa kusini mwa Namibia, kwa hiyo nitajibu upande huo. Wafugaji wengi niliowaona walikuwa na .223 au .22-250 kwenye gari, na wenye .22-250 walikuwa na sababu ya maana: nyika ile ni wazi, mbweha aliyezoea kuwindwa hasogei karibu, na usiku kwa taa huwezi kupima umbali vizuri, hivyo risasi inayokwenda karibu mstari ulionyooka husamehe makosa ya makadirio. Ningekuwa naishi kule ningenunua .22-250 yenye mtutu mnene na kuilaza juu ya gari bila kujali uzito. Wewe huishi kule.

Fikiria safari. Mashirika ya ndege kwa kawaida huruhusu kilo 5 za risasi kwa abiria, pamoja na pakiti zake. Risasi moja nzima ya .223, pamoja na ganda lake, ina uzito wa gramu 12 hivi, kwa hiyo kilo hizo zinakutosha na kubaki. Tatizo ni siku ambayo sanduku la risasi limebaki uwanja wa ndege wa katikati. Ukiwa na .223, binamu yako au jirani yake atakuwa nazo, na kibali chako cha muda cha kuingiza silaha kikiwa sawa, mambo yanaendelea. Ukiwa na .222 utakaa barazani ukinywa chai.

Mzee wa Ngong

Hoja ya risasi naikubali, msafiri, nayo ni nzito. Hoja ya msokoto pia naikubali kwa mtu wa mita 300. Ila kwa mtu wa mita 200 na chini, msimamo wangu juu ya .222 haujasogea.

Mlengaji wa Lang'ata

Nawashukuru nyote. .22-250 nimeiweka kando, na ninaelekea .223. Nina swali moja: nimeona bunduki nyingine zimeandikwa 5.56 na nyingine .223. Je, ni kitu kimoja?

Fundi Mtutu

Kwa nje maganda yanalingana, kwa ndani si kitu kimoja. Chemba ya 5.56 ina koo refu zaidi, na risasi za kijeshi zimepangwa kwa koo hilo. Zikitiwa katika chemba ya .223, shinikizo linaweza kupanda kupita kiasi. Kinyume chake, .223 ndani ya chemba ya 5.56, hakina hatari hiyo. Wewe andika .223 Remington kwenye ombi, nunua risasi zilizoandikwa hivyo hivyo kwenye pakiti na kwenye kitako cha ganda, na risasi yoyote ya kijeshi utakayopewa na mtu usiiguse, maana huko ni kesi kabla hata ya kuwa hatari ya chemba.

Utakapoenda kuikagua, soma maandishi ya mtutu utafute msokoto, 1:8 au 1:9. Usipoyaona, ingiza fimbo ya kusafishia yenye mpini unaozunguka na kitambaa kilichobana, tia alama kwenye fimbo, isukume polepole, kisha pima ni inchi ngapi imeingia hadi alama izunguke mara moja kamili. Kwa risasi anza na grein 55 kwa mbweha na 69 kwa karatasi za mbali, na kila moja uiandikie kipimo chake cha darubini, kwa sababu hazitagonga mahali pamoja. Epuka zile zenye koti, yaani ngozi ya nje ya risasi, jembamba sana zilizoundwa kwa mitutu ya msokoto wa polepole, kwani katika msokoto wa 8 zinaweza kupasuka hewani.

Mwisho, uipime bunduki kwa risasi ya kwanza, mtutu ukiwa baridi. Nenda uwanjani siku tofauti, fyatua moja kwenye karatasi ileile kabla ya mazoezi, uitunze karatasi hiyo. Mbweha hatakusubiri mtutu upate joto.

Mlengaji wa Lang'ata

Nimeelewa, Fundi. Ombi litasema .223 Remington, bolti, na nitatafuta mtutu wa 1:8 wa inchi 20 au 22. Mzee, nikiipata nitaomba tukutane uwanjani uje na .222 yako, tupige mita 200 na tupime karatasi pamoja.

Mzee wa Ngong

Nitakuja. Leta risasi za grein 50, ili tulinganishe zinazolingana.