Mzee ana goti bovu na pikapu imechoka: tuchukue gari gani jepesi kuendesha?

BintiWaShamba:
Wakuu habarini. Naandika kirefu kidogo kwa sababu jambo lenyewe linaniuma.

Tuna pikapu ya dizeli ya mwaka 1994, gia za mkono, haina pawa stelingi. Imebeba kila kitu: chakula cha ng'ombe, marobota ya nyasi, mapipa ya maji, hata ndama mgonjwa. Sasa chesisi imeliwa na kutu pale inaposhikia springi ya nyuma, na fundi aliyeichomelea mara ya mwisho kaniambia hapana tena chuma cha kushika weldi.

Ila kilichonileta hapa si kutu. Dereva wake ni baba yangu, ana miaka 74, goti la kushoto limekwisha. Wiki iliyopita nilikaa naye kabini tukipanda kutoka bondeni. Kila akitaka kubadili gia, anakamata suruali juu ya goti, anauinua mguu kwa mkono, anauweka juu ya klachi, ndipo anasukuma. Njia iliyobaki akaenda na gia ya pili tu, injini inalia, mradi asiiguse klachi. Hakulalamika hata neno moja.

Sitaki kumnyang'anya ufunguo. Kuzungukia mifugo yake asubuhi ndiko kunakomweka mzima. Mzigo wetu mzito haufiki kilo 700, njia ni mteremko wa udongo unaoteleza mvua ikinyesha, na geti la zizi linataka ukate kona kali. Nafikiria otomatiki, lakini kila ninayemuuliza anasema otomatiki haifai shamba. Ni kweli?

FundiDizeli:
Dada, pole na hongera kwa kumwangalia mzee. Hayo maneno ya otomatiki ni ya zamani. Kinachoua gia boksi ya otomatiki ni joto na oili chafu. Ukibeba mzigo na kupanda milima polepole, badilisha oili yake kwa wakati, usidanganywe kwamba imewekwa ya maisha. Kwenye mteremko wako, weka forwili ya gia nzito (ile ya mwendo wa polepole wenye nguvu), shikilia gia ya kwanza, injini yenyewe itazuia gari na mzee hatakaa juu ya breki.

Tahadhari moja kubwa: pikapu nyingi za dizeli za miaka ya karibuni zina chujio la masizi kwenye eksozi. Chujio hilo hujisafisha eksozi ikipata moto wa kutosha. Gari linalotoka zizini kwenda bondeni na kurudi, kilomita mbili tatu, halipati moto huo, mwisho chujio linaziba. Kama mtachukua la namna hiyo, kila baada ya siku chache mtu alipeleke barabara kuu litembee kwa mwendo mzuri nusu saa hivi. La sivyo tafuta la petroli, au dizeli ya zamani isiyo nalo.

MpandaMilima:
Kuhusu geti: linganisha namna magari yanavyokata kona, watu husahau. Mitsubishi L200 ya kizazi kilichoanza 2005 inageuka kwa nusu kipenyo cha mita 5.9, ni kidogo kwa pikapu ya tani moja. Zile zenye Super Select, mfumo wa forwili wa Mitsubishi, unaweza pia kuziacha kwenye forwili ya kawaida (si ile ya gia nzito) hata juu ya lami, kwa hiyo mzee hatalazimika kukumbuka kuitoa. Pikapu nyingi nyingine ukiiacha forwili kwenye lami kavu, magurudumu yanabanana kwenye kona na usukani unakuwa mgumu.

Land Cruiser 79 ni chuma kweli, lakini kwa mzee huyu hapana. Ni ndefu, iko juu, inakata kona kwa shida, na otomatiki imeanza kuwekwa juzijuzi tu na injini ya lita 2.8.

MamaNdama:
Mimi nina kilori kidogo cha Kijapani cha cc 660. Upana mita 1.48, kinapita popote, pande zote tatu za bodi zinashuka, unapakia bila kunyanyua juu ya kiuno. Lakini kimeidhinishwa kubeba kilo 350 tu, kwa hiyo kwa mzigo wako mtapiga safari mbili. Na dereva anakaa juu ya ekseli ya mbele, miguu yake iko karibu sana na bampa. Kwa shamba tu, sawa. Barabara kuu, la.

Mdogo wangu, kabla ya injini na gia, mpeleke baba mwenyewe akapande na kushuka. Pikapu za siku hizi ziko juu. Goti litakaloepuka klachi litateswa na mlango mara ishirini kwa siku.

BintiWaShamba:
Mama, asante sana, hilo la mlango sikuliwaza kabisa.

Leo nimempeleka kujaribu mbili. Ya kwanza, L200 otomatiki ya dizeli, haina ngazi ya pembeni. Alishika usukani kujivuta, nikaona uso wake ukikunjamana. Ya pili ni ileile L200 lakini ina ngazi na mpini kwenye nguzo ya mlango. Alipanda mguu wa kulia kwanza, taratibu, bila kushikwa. Tulipoondoka mkono wake wa kushoto ulienda kwenye suruali kwa mazoea, akagundua hakuna klachi, akauweka juu ya paja. Alikaa kimya hadi tuliporudi, kisha akauliza kama bodi inatosha marobota kumi.

FundiDizeli, hii ya pili ina lile chujio. Mimi ndiye nitakayelipeleka barabara kuu kila Jumamosi. Kabla sijalipia, nikague nini kwenye gia boksi?

FundiDizeli:
Ikague injini ikiwa baridi kabisa. Washa, kanyaga breki, weka D (mbele), kisha R (nyuma). Ikichelewa kushika au ikigonga, achana nayo. Kama ina kijiti cha oili, kichomoe: iwe nyekundu, isinuke kuungua. Halafu lala chini uangalie chesisi pale springi za nyuma zinaposhika, palepale ilipokufa ile ya 1994.