Wadau, naomba ushauri: mapipa na madumu ya zamani ya shamba kuwa vyungu vya maua

Tumaini_K: Wakuu habari zenu. Nina mapipa mawili ya bati ya lita 200 na madumu manne ya plastiki, yamekaa stoo ya shamba muda mrefu. Nataka kupanda maua mbele ya nyumba. Nitoboe matundu ya ukubwa gani, na bati nilipake rangi gani isiyobanduka? Nina wasiwasi kidogo, nijibuni mapema.

FundiBati: Keekee ya milimita 10 hadi 12, matundu manane kwa nusu pipa. Toboa kutoka ndani kwenda nje. Ukifanya kinyume, makali yanayoinuka kuzunguka tundu yatazuia maji, na kutu itaanzia hapo. Piga msasa, futa vumbi na grisi yote, paka praima ya kuzuia kutu, ikikauka ndipo rangi ya mafuta mikono miwili. Rangi ikibanduka, mara nyingi chini yake kuna grisi au unga wa kutu.

MamaMaua: Rangi baadaye, fikiria uzito kwanza. Nusu pipa likijaa udongo uliolowa hufika kilo 150, halisogezeki tena. Liinue juu ya matofali kabla hujajaza. Na kokoto chini usiweke: maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ushibe kabisa, kwa hiyo tope linasogea karibu na mizizi. Kipande cha wavu juu ya matundu kinatosha.

Mdadisi: Madumu yalikuwa na nini?

Tumaini_K: Vitu vya shamba tu mkuu.

Mdadisi: Vitu gani? Maziwa? Mbolea? Dawa?

Tumaini_K: Sawa, yalikuwa na dawa ya magugu, 2,4-D. Lakini nimeyaosha kwa sabuni na maji ya moto, hayanuki, nimeshayapaka na rangi. Halafu ni maua tu, sio mboga.

ShambaSafi: Ndugu, hapo hapana. Plastiki hunyonya dawa, na iliyokwisha kukauka ndani haitoki kwa sabuni. Kukosa harufu si usalama. Dawa hiyo inaua mimea ya majani mapana, na maua mengi ni ya kundi hilo: masalia kidogo tu, shina linajipinda na majani yanajikunja. Na mtoto akichota maji kwa dumu lile lililopakwa rangi nzuri? Yatoboe yasitumike tena, usiyachome moto, yapeleke yanakokusanywa makopo ya viuatilifu.

Pembeni: Uzi huu umetungwa. Aliuliza rangi, kumbe ameshapaka!

Tumaini_K: Rangi niliuliza ya bati. Soma vizuri.

ShambaSafi: Hata ukiwa wa kutunga, atausoma mwenye madumu ya kweli.

FundiBati: Tumaini, na mapipa? Yalibeba nini?

Tumaini_K: Moja molasi, jingine dizeli. La dizeli lina kifuniko cha kuziba, nimeshaazima grainda nilikate kesho.

FundiBati: Usiliguse! Hata likionekana tupu, mvuke wa mafuta umebaki ndani, na cheche za grainda zinaweza kulilipua usoni mwako. Rudisha grainda leo. La molasi lisuuze kwa maji ya moto hadi utando uishe, kisha likate. Hilo peke yake linakupa vyungu viwili.

Tumaini_K: Na madumu nilishayapanga barazani…

ShambaSafi: Yatoe.