Cubase ya mtumba ili nipate apgredi ya bei nafuu: ni halali ama najitia matatani?

mwana_wa_langoni

Asalaam aleikum wakuu. Mie niko Amu, nina kastudio kadogo nyumbani, narekodi kasida, nyimbo za harusi na mara mojamoja matangazo ya mahoteli ya Shela. Sasa kazi nyingi zaja kutoka kwa majamaa wa Mombasa na wote wanatumia Cubase, ile programu ya kurekodi na kuhariri muziki, mradi ukiletwa huku yabidi wanitolee kila traki peke yake ndo nifungue kwa programu yangu, wakitaka marekebisho twaanza upya, nimechoka kwa kweli. Nataka Cubase Pro halali. Kraki, yaani nakala ya wizi iliyovunjwa kinga, sitaki, tafadhali msinishauri hiyo.

Mpya ni yuro 579, yaani elfu themanini na kitu, na msimu huu wa mvua wageni hakuna, hizo sina. Lakini kuna Mtaliano Malindi afunga nyumba arudi kwao, ana Cubase Pro 9.5, leseni yake imo kwenye kile kijiti cha USB, na boksi lake lipo, ataka elfu kumi na tano. Hesabu yangu ni nichukue hiyo, leseni iwe kwa jina langu, halafu nilipie apgredi tu mpaka toleo la sasa, jumla haifiki hata nusu ya bei ya mpya. Je, kununua softiwea mtumba ni halali? Na hiyo apgredi nitakubaliwa? Jamaa ataka jibu kabla ya Ijumaa.

fundi_maweni

Waaleikum salaam. Kaka usitume hata shilingi. Hicho kijiti ni mfumo wa leseni uitwao eLicenser, na Steinberg, wenye kutengeneza Cubase, waliufunga Mei 2025. Cubase zote za Pro mpaka 11 zilikuwa zinakaa humo, kuanzia 12 iliyotoka 2022 ndo leseni ikahamia kwenye akaunti ya mtandaoni. Kijiti kikiwa kizima 9.5 itafunguka, hilo sikatai, ila kuhamisha leseni ama kuitumia upate bei ya apgredi, mlango ushafungwa. Ndo maana siku hizi waziona zauzwa rahisi. Na 9.5 ni ya 2017, mradi uliotengenezwa kwa 13 ama 14 ukiufungulia humo usishangae nusu ya vitu havipo. Kwa hiyo hata ile shida yako ya Mombasa haijaondoka.

mwana_wa_langoni

Duh. Sasa huyu mzungu ajua ama anifanyia makusudi?

fundi_maweni

Huenda hajui, wengi walinunua wakaweka kabatini. Mwulize tu kama aliwahi kuifanyia apgredi, jibu lake litakuonyesha mengi.

wakili_wa_baraza

Naingia hapo kwenye uhalali maana watu huchanganya sana. Ukinunua redio, redio ni yako. Programu si hivyo, unachopewa ni ruhusa ya kuitumia, na ile ruhusa ina masharti yake, kwa hiyo swali la kwanza ni je masharti yanamruhusu mwenye nayo kuihamisha kwa mtu mwingine? Steinberg wanaruhusu, na kampuni nyingine za programu za muziki kama Ableton na Native Instruments pia wanaruhusu. Wengine hawataki kabisa.

Ulaya mambo yashaamuliwa. Mwaka 2012 mahakama ya haki ya Umoja wa Ulaya, kesi ya UsedSoft na Oracle, ilisema leseni ya kudumu ikishauzwa basi mwenye kampuni hawezi kumzuia mnunuzi kuiuza tena, hata kama ilipakuliwa kwenye intaneti bila sidii, mradi muuzaji aifute kwake asiendelee kuitumia. Marekani wakaenda upande mwingine kabisa. Kesi ya Vernor na Autodesk, 2010, na hii ndugu yangu isome kwa makini kwa sababu ndo stori ya apgredi yenyewe: ofisi ya wachora ramani za majengo ilikuwa na programu ya kuchorea ya Autodesk, AutoCAD Release 14, ikapewa AutoCAD 2000 kwa dola 495 kila leseni badala ya 3,750, sharti waharibu zile za zamani. Hawakuharibu, wakamuuzia Vernor, naye akaziweka eBay. Mahakama ya rufaa ikasema yule wa kwanza hakuwa mmiliki, alikuwa na leseni tu, basi hakuwa na cha kuuza.

Kwetu Kenya tuna Sheria ya Hakimiliki ya 2001 na programu za kompyuta zinalindwa humo, kwa hiyo usijifiche nyuma ya "lakini Mtaliano kwao yaruhusiwa", biashara mnaifanyia Malindi. Njia salama ni kufuata masharti ya kampuni yenyewe, na uhamisho upitie kwao. Elfu kumi na tano kwa kijiti bila uhamisho, umenunua plastiki.

kijana_mbishi

Nyie mnajisumbua bure, kuna kraki ya 13 inapatikana, naweza kumtumia leo leo

BintiMambrui

@kijana_mbishi mwenye uzi kasema hataki, husomi? Tena mtu analetewa kazi za wateja kwenye hiyo mashine, akiingiza virusi kasida za watu zipotee atawaambia nini. Haya endelea na safari yako.

Kaka mie nashauri uwaulize hao wa Mombasa kama wana shida kupokea traki kutoka REAPER, programu nyingine ya kurekodi. Leseni yake ni dola 60 kama mapato yako kwa mwaka hayafiki dola elfu ishirini, na ukinunua ukiwa kwenye toleo la 7 wakupa masasisho mpaka mwisho wa toleo la 8. Hapo hamna habari za mtumba wala apgredi.

mwana_wa_langoni

Shukran dada, REAPER ndiyo naitumia sasa hivi 😂 na naipenda, shida si sauti, shida ni mafaili yao ya Cubase hayafunguki kwangu.

mzee_wa_kinanda

Mwanangu mimi nipo kwenye vinanda tangu enzi za kaseti, hebu nikwambie kitu ambacho vijana hamkiangalii. Steinberg ni ya Yamaha, wameinunua kitambo. Basi vifaa vingi vya Yamaha, mikisa zao za USB, baadhi ya vinanda, na zile kadi za sauti za UR22, ukinunua kipya boksini mna karatasi yenye namba ya kupakulia Cubase AI bure. AI hapo ni jina la toleo dogo la Cubase, kwa kasida za watu wengi haikutoshi, lakini ni leseni halali na ina bei yake ya apgredi kwenda juu, ni nafuu kuliko kuanza na sifuri. Ukinunua kifaa mtumba uliza ile karatasi, na uliza kama namba ishatumika, ikishatumika haina kazi kwako. Watu wanazitupa na boksi.

mwana_wa_langoni

Mzee wangu mie nina UR22 hapa mezani!! Niliipata mpya. Karatasi sijui iko wapi, natafuta sasa hivi.

fundi_maweni

Itafute. Ukiikosa angalia akaunti yako ya MySteinberg kwenye tovuti yao, kama uliisajili wakati ule yaweza kuwa imo. Ila angalizo, kama ni AI ya zamani ya enzi za eLicenser yaleyale ya Mtaliano, waandikie wahudumu wao wakujibu kwa imeili kabla hujalipa.

Njia nyingine ni Pro 12 au 13 ya mtumba yenye leseni ya akaunti. Muuzaji anaanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, leseni inatoka kwake inaingia kwako, wewe unaiona kwa macho. Kataa zilizoandikwa NFR, yaani si za kuuzwa tena, na za wanafunzi nazo zina vikwazo vyake. Na kama muuzaji alinunua 10 kisha akaipandisha 13, hiyo 10 haipo tena, imemezwa, asikuuzie 10 huku yeye abaki na 13. Kutoka 13 kwenda 14 Pro ilikuwa karibu yuro 100. Pia huwa wana ofa, mara nyingi mwisho wa mwaka, ngoja hapo.

BintiMambrui

Na malipo? Mtu yuko Ujerumani wewe uko Langoni.

wakili_wa_baraza

PayPal, ile ya bidhaa na huduma, siyo ya kutumia marafiki, kwa ya marafiki ukitapeliwa huna pa kudai. Kulipia apgredi kwenye duka lao chukua kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, iko kwenye simu yako. Na mazungumzo yote ya ununuzi yaandikwe, namba ya leseni, toleo, jina la mwenyewe, usinunue kwa voisnoti.

mwana_wa_langoni

Sawa wakuu. Karatasi nimeipata ndani ya boksi la maikrofoni, namba haijakwaruzwa wala kutumika, ila yasema AI 10. Naandika imeili kwa Steinberg usiku huu. Mtaliano nimemwambia hapana, sasa ashuka mpaka elfu sita.

fundi_maweni

Mwulize kama maikrofoni zake anauza.