Kikundi cha Ukoo: kadi ya Deo

Frida: Jamani kadi ya Deo hiyo hapo juu, kesho asubuhi inaenda kuchapwa. Nimeandika "anasimikwa kuwa shemasi", angalieni kama kuna kosa

Baba Mkubwa: Frida mama usipeleke kwanza. Kusimikwa ni kukalishwa kitini, mfano mtu alishakuwa askofu akahamishiwa jimbo lingine, huyo anasimikwa tu hapewi daraja upya maana uaskofu haupewi mara mbili, ukishapewa ni mpaka kufa. Deo ANAPEWA DARAJA

Semeni: kwani daraja gani baba mkubwa, mi siku zote nilijua la kuvukia mto 🙈

Baba Mkubwa: Umeuliza vizuri. Asili yake Kiarabu, kidato au ngazi. Ziko tatu, ushemasi, upadre, uaskofu. Kilatini ni ordo yaani safu, mtu anaingizwa kwenye safu ya waliomtangulia, hajiingizi mwenyewe hata awe amesoma vipi

Shangazi Eli: Huku kwetu Walutheri tunasema mchungaji amebarikiwa. Ila mikono kichwani ni ileile, someni Matendo 6 wale saba mitume waliwaombea wakawawekea mikono

Baba Mkubwa: Ndiyo dada, na hiyo mikono ndo kiini chenyewe. Watu wanasubiri mafuta wapige picha, shemasi hapakwi mafuta, padre ndo anapakwa viganjani na askofu kichwani. Askofu anaweka mikono kimyaaa hasemi kitu, kisha ile sala ya kuweka wakfu, basi hapo ndo imekuwa, kwa hiyo msiwe mnaongea wakati huo

Bibi: Mimi wanapolala kifudifudi litania ya watakatifu inaimbwa siwezi kuzuia machozi. Mjukuu wangu niliyembeba mgongoni

Semeni: 😢 na sista je anapewa daraja gani

Baba Mkubwa: Hana daraja, ana nadhiri. Useja, ufukara, utii. Bruda naye hivyohivyo. Nadhiri unaiweka wewe mwenyewe kwa Mungu, daraja unapewa, usichanganye

Frida: Sawa nimebadilisha, "anapewa Daraja Takatifu ya Ushemasi kwa kuwekewa mikono na Baba Askofu". Bibi jina niandike Deo au Deogratias?

Bibi: Lote. Ndilo ataitwa nalo siku hiyo, naye aitike nipo hapa